Vipimo ni safi, mke wangu bado anaumwa

Assalaam aleikum Daktari,

Naandika kwa niaba ya mke wangu, ingawa mwenyewe hajui. Sisi ni wakaazi wa Kisauni, Mombasa. Yeye ni fundi cherehani, hushona madera na sare za watoto wa madrasa. Mimi naendesha tuktuk.

Mwanzoni mwa 2018, chikungunya ilipotamba hapa Mombasa, nyumba yetu nzima ililala. Mimi nilipona baada ya wiki mbili. Yeye vidole na vifundo vya miguu vilimvimba, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Baada ya kama miezi mitatu uvimbe ukanywea, lakini maumivu hayakuondoka, yakaanza kutembea. Mabega, shingo, kiuno, mapaja, leo kulia kesho kushoto, na siku hizi ni mwili mzima.

Anaamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala, asema ni kama mtu aliyetwanga kinu usiku kucha. Anasahau kipimo cha mteja alichokichukua sasa hivi, fundi ambaye zamani alikuwa akikutazama tu mlangoni, keshajua kiuno chako. Mtoto wetu wa mwisho akimrukia mapajani, anapiga ukelele, kisha analia kwa kumsikitikia mtoto. Kanga hawezi tena kuifunga kiunoni. Fundo lamuuma kama jiwe. Fundo la kanga, Daktari!

Tumezunguka sana. Kwenye duka la dawa mtaani amechomwa sindano za maumivu hadi nimepoteza hesabu. Zahanati moja ilisema ni taifodi, na mwezi uliofuata ikasema taifodi tena. Nyingine ikasema gauti, tukaacha nyama na maharagwe. Amepigwa eksirei ya mgongo, amepimwa damu ya baridi yabisi, sukari, hata virusi vya UKIMWI. Kila karatasi inarudi safi. Mamangu akaleta shehe akamsomea, akasema kuna jicho. Mwisho daktari mmoja alimsikiliza kwa makini, akambonyeza hapa na pale, akaandika neno moja, "fibromayaljia", akampa vidonge vya usiku na kutwambia turudi baada ya miezi miwili. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu, hatukuuliza.

Nilimuuliza jirani ambaye ni muuguzi. Akacheka. Akasema hilo ni jina wanalopewa wanawake wakikosewa ugonjwa. Jioni ile nilirudi nikakuta hajapika, na kitambaa cha mteja kiko mezani vilevile kama nilivyokiacha asubuhi. Nikamwambia neno ambalo najuta: "Vipimo vyote safi, sasa unaumwa nini?" Hakunijibu. Tangu siku hiyo hanambii tena akiumwa.

Nataka kujua mambo mawili tu. Ugonjwa huu upo kweli? Na kama upo, umekaa wapi, maana mashine zote zimemtazama na hazikuuona?

Baba wa watatu, Kisauni

*

Waaleikum salaam, Baba wa watatu.

Upo. Mke wako haigizi, hadeki, wala si mvivu. Jirani yako nisingemlaumu mno, kwa sababu hata sisi madaktari wengi wetu ugonjwa huu tulipitishiwa kwa haraka darasani, tukatoka na picha hiyohiyo aliyo nayo yeye. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Swali lako la pili ndilo zuri zaidi. Chukua mfano wa kipaza sauti cha msikiti wa mtaani kwenu. Siku moja mtu amekifungua kupita kiasi. Imamu akikohoa kidogo tu, mtaa mzima unashtuka. Akigeuza ukurasa, mnasikia kama bati linaburutwa. Sasa nyinyi mkamchukua imamu mkampeleka hospitali, akapimwa koo na mapafu, akapigwa eksirei ya kifua, mtaambiwa mzima kabisa. Na kweli ni mzima. Lakini je, ile kelele mliyoisikia ilikuwa ya uongo? Mashine mliyoitafutia ubovu siyo.

Ndivyo ilivyo kwa mke wako. Eksirei ilitafuta mfupa uliolika. Kipimo cha baridi yabisi kilitafuta kinga ya mwili inayoshambulia viungo. Vyote vilikagua koo la imamu. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya mlivyofanya kinachopima mitambo ya kupeleka na kukuza habari ya maumivu, yaani neva (nyuzi za fahamu zilizoenea mwilini), ule mshipa mnene wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo, na ubongo wenyewe.

Madaktari wa zamani nao walikosea hapohapo. Mwaka 1904, William Gowers wa London aliipa hali hii jina lenye maana ya uvimbe-moto wa nyuzi za mwili. Watu wakatafuta uvimbe huo kwenye vipande vya misuli chini ya hadubini kwa miaka mingi, hawakuupata. Katika miaka ya 1970 jina likabadilishwa kuwa fibromayaljia, ambalo halisemi zaidi ya "maumivu ya nyuzi na misuli". Bado ni jina baya, ukiniuliza mimi, kwa sababu linamfanya mtu aendelee kutazama misuli.

Sasa tulifuate lile fundo la kanga. Fundo linapogusa kiuno, neva za ngozi na nyama hupeleka habari kwenye uti wa mgongo. Pale kuna kituo ambapo neva ya kwanza inaipokeza ya pili, na habari huvushwa kwa kemikali. Mbili kati ya hizo ni glutamati na nyingine iitwayo dutu P. Kwa mtu mzima wa afya, mguso wa kitambaa huvushwa kama mguso, ukapita, ukasahaulika. Kwa wagonjwa wa fibromayaljia, maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo yamepimwa yakakutwa na dutu P mara mbili hadi tatu ya kawaida, na picha za ubongo zimeonyesha glutamati nyingi kwenye sehemu inayohusika na kuhisi maumivu. Kituo kimechachamaa. Ukigusa mara ya kwanza kinasikia kidogo, ukirudia palepale kinasikia zaidi, na kinachukua muda mrefu kutulia. Fundo linalokaa kiunoni kutwa, kila anapoinama na kuinuka, linabisha hodi mara elfu kwenye mlango ambao kila hodi yaupasua.

Kuna jaribio moja ambalo huwa napenda kuwasimulia waume. Mwaka 2002 Richard Gracely na wenzake huko Marekani waliwalaza wagonjwa na watu wazima wa afya ndani ya mashine ya MRI, inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, wakawabonyeza ukucha wa kidole gumba kwa kifaa kinachopima nguvu. Jaribu mwenyewe sasa hivi: bonyeza ukucha wa gumba lako mpaka nyama ya chini yake igeuke nyeupe. Umehisi mbano, labda na karaha kidogo. Wagonjwa waliumia kwa karibu nusu tu ya nguvu iliyowaumiza wale wengine. Si kwamba walisema tu. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na maumivu ziliwaka kwao kwa mbano mdogo, sawasawa na zilivyowaka kwa wale wasioumwa walipobanwa kwa nguvu. Huwezi kuuamrisha ubongo wako uigize hivyo ndani ya mashine.

Huo ni upande wa kukuza sauti. Upo pia upande wa kuipunguza, na huo nao umelegea. Ubongo una neva zinazoshuka chini hadi uti wa mgongo, kazi yake ni kuziambia zile habari za maumivu "basi, nimesikia, tulia". Ndizo zinazomfanya mchezaji aliyeteguka amalize mechi. Neva hizo hutumia kemikali mbili, serotonini na noradrenalini, na kwa wagonjwa hawa utendaji wake uko chini. Umeviona vile vidonge vya usiku? Soma pakiti. Huenda ni amitriptilini, kwa dozi ndogo kama miligramu 10 au 25. Mtu wa duka la dawa akikwambia ni dawa ya huzuni, amesema nusu. Kwa dozi kubwa hutumika hivyo. Kwa dozi hii kinachotafutwa ni kuongeza hizo kemikali mbili ili breki zishike, na kuurudisha usingizi mzito. Haimaanishi kwamba daktari amemwona mkeo ana wazimu.

Na sindano za maumivu? Zile hupunguza uvimbe-moto kwenye nyama na viungo. Zilipokuwa zikichomwa wakati vidole vimevimba, zilikuwa na kazi. Uvimbe ulipokwisha, mlikuwa mnalipia dawa ya koo la imamu, na kwa matumizi ya muda mrefu zinachubua tumbo na kuumiza figo. Acheni. Vidonge vya "kunenepesha na kutoa maumivu" ambavyo ndani yake mna steroidi, msiviguse kabisa. Dawa kali za jamii ya mofini nazo hazisaidii hapa, na sababu yake inajulikana kwa sehemu. Watafiti wa Michigan walionyesha mwaka 2007 kwamba vile vipokezi ambavyo mofini hukaa ili ifanye kazi vinapatikana kwa uchache kwenye baadhi ya maeneo ya ubongo wa wagonjwa hawa. Mlango upo, pa kuingizia ufunguo ni padogo.

Sasa kinu. Mkeo amelieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu. Mwaka 1975 huko Toronto, Harvey Moldofsky na wenzake waliwachukua watu wasioumwa chochote, wakawa wanawasumbua kwa sauti kila walipozama kwenye usingizi mzito, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache watu wale wazima walianza kuamka na mwili unaouma na misuli isiyotaka kuguswa. Wagonjwa wengi wa fibromayaljia wanaweza kulala saa nyingi lakini mawimbi ya ubongo wa mtu aliye macho yanaingilia usingizi wao mzito. Basi maumivu yanaharibu usingizi, usingizi mbovu unaongeza maumivu, na kichwa kisichopumzika kinasahau kipimo cha kiuno cha mteja. Hilo la kusahau ni sehemu ya ugonjwa, usilihesabu kuwa ni uzembe.

Kwa nini yeye, na si wewe mliyeugua pamoja? Kwanza, kuna kurithi. Ndugu wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano wa zaidi ya mara nane wa kuwa nao kuliko watu wengine, kwa hesabu ya utafiti mmoja wa Marekani wa 2004. Muulize taratibu kama mamake au khalati yake walikuwa watu wa "mwili waniuma" miaka nenda rudi. Pili, wanawake huonekana nao zaidi kuliko wanaume, ingawa wanaume pia wanaugua, na wengi wao hawagunduliwi kwa kuwa hakuna anayewauliza. Tatu, mara nyingi huwepo mshtuko wa kuufungua mlango: ajali, upasuaji, msiba mzito, au maambukizi. Kwake yaelekea ni chikungunya. Jina lenyewe ni la Kimakonde, linatokana na kitenzi cha kupinda, na lilianza kutumika wakati wa mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule, kwa jinsi wagonjwa walivyotembea wamepinda. Kirusi hupigwa na mwili kikaisha. Lakini wiki nyingi za viungo vinavyopiga kelele huufundisha uti wa mgongo kusikia vibaya, na mwanafunzi huyu akishajifunza hasahau upesi.

Nisikufiche kwamba watafiti wanabishana ugonjwa unaanzia wapi hasa. Kwa miaka mingi vidole vyote vilielekezwa kwenye ubongo. Kisha mwaka 2013, watafiti wa Ujerumani na wa Marekani walipokata vipande vidogo vya ngozi, walikuta kwamba wagonjwa wengi, karibu nusu kwenye baadhi ya makundi, wana upungufu wa zile neva nyembamba kabisa za ngozi. Na mwaka 2021 likaja lile lililoniamsha usiku kulisoma. Watafiti wa London, Liverpool na Sweden walichukua kingamwili, yaani protini ambazo kinga ya mwili huzitengeneza kupambana na maradhi, kutoka damu ya wagonjwa, wakawadunga panya. Panya wakaanza kushtuka kwa mbano mdogo na kwa baridi, mshiko wa miguu yao ukalegea, wakawa hawatembeitembei. Panya waliodungwa kingamwili za watu wasioumwa hawakupata kitu. Kingamwili zile zilipokwisha mwilini baada ya wiki chache, panya wakapona. Zilikuwa zimeshika wapi? Ubongoni hazikuonekana. Zilikutwa kwenye vifundo vya neva vilivyojipanga kandokando ya uti wa mgongo, zimegandamana na chembe zinazozilea neva.

Panya hana mume wa kumdekea. Hajasoma neno fibromayaljia popote. Mwambie hilo jirani yako. Mimi naona ugonjwa huu hatimaye utagawanyika, tutakuta ni magonjwa mawili matatu yaliyokuwa yanavaa kanga moja.

Kuhusu ugunduzi: daktari wenu kumbonyeza hapa na pale hakubahatisha. Kanuni za 1990 zilitaka maumivu kwenye sehemu 11 kati ya 18 zilizotajwa. Tangu 2010 kinachoangaliwa zaidi ni maumivu yameenea sehemu ngapi za mwili, uchovu, usingizi, kusahau, na yawe yamedumu angalau miezi mitatu. Mtarudi kwake, na mkirudi ulizeni mambo mawili ambayo sikuyaona kwenye barua yako. Je, tezi ya shingo, ile ya thairoidi, imepimwa? Ikilegea humchosha mtu na kumuuma mwili vivi hivi, na ina dawa yake. La pili, chikungunya yenyewe huweza kuacha ugonjwa wa viungo wa kudumu, tofauti na huu. Kama siku yoyote vidole vyake vinavimba tena, vina joto, na asubuhi vinakataa kukunjika kwa zaidi ya saa nzima, msingoje hiyo miezi miwili. Vivyo hivyo homa isiyoisha, kukonda, au mkono ama mguu mmoja kupoteza nguvu.

Wataalamu wa baridi yabisi wa Ulaya walipopitia matibabu yote ya ugonjwa huu, mapendekezo yao yakatoka 2017, walilokubaliana nalo kwa nguvu ni moja tu: mazoezi. Najua linavyosikika kwa mtu ambaye kanga inamuuma. Ila mazoezi huamsha zile breki za ubongo na kurudisha usingizi. Yaanze madogo mpaka yachekeshe. Dakika tano za kutembea jioni, kila siku, wiki nzima, hata siku anayojisikia vizuri asizidishe. Hapo ndipo wengi wanapoanguka: siku njema anashona madera sita, kisha siku nne kitandani. Akimaliza kipande kimoja ainuke kwenye cherehani, azunguke chumba, anywe maji. Wateja wa Idi na waambiwe mapema.

Kisomo cha shehe sina ugomvi nacho, kama kinamtuliza roho asomewe. Niombe tu mamako asimwambie mkaza mwana wake kwamba kalogwa kwa sababu ya jambo fulani alilofanya. Hofu ya namna hiyo inaufungua ule mtambo zaidi.

Na wewe, rudi kwenye neno lako la jioni ile. Usingoje akwambie anaumwa, maana umeshamfunza kunyamaza. Mwambie ulilosoma kuhusu ukucha wa gumba, ubonyeze wako mbele yake. Mtoto mwambieni akae ubavuni mwa mama, asimrukie. Ule mtungi wa maji wa asubuhi ubebe wewe kabla hujatoka na tuktuk.

Fundo la kanga si tatizo la daktari, fundi yuko hapohapo nyumbani. Akunje upindo wa kanga juu, apitishe mpira mpana uliolegea, aivae kama sketi.